Kumpima Mkwe Mgongo

Nyinyi vijana mnaotoka chuoni na simu zinazojumlisha zenyewe, mimi sina ugomvi na simu zenu. Ugomvi wangu ni kwamba mnamuuliza mgonjwa swali huku mnaangalia kioo, halafu mnashangaa mbona jibu halifanani na mtu aliye mbele yenu. Nimefanya kazi ya tiba ya viungo hapa Kisumu mpaka nywele zikabadilika rangi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa nikipima migongo. Sisemi migongo ya wabeba magunia, hiyo hujieleza yenyewe. Nasema baridi yabisi ya uti wa mgongo, ugonjwa unaomshika mtu akiwa bado kijana, unamwamsha alfajiri amekauka kama ubao, unamlegezea kidogo akianza kutembea, na polepole unaziunganisha pingili za mgongo ziwe mfupa mmoja. Zikishaungana, haziachani tena. Ndiyo maana tunapima mapema na tunarudia kupima, tujue ugonjwa una nguvu kiasi gani na mtu bado anaweza kufanya nini, ili dawa ifike kabla mgongo haujaganda.

Vipimo vyenyewe ni rahisi. Kuna maswali kuhusu uchovu, maumivu na ukavu wa asubuhi, na kila swali lina alama kutoka sifuri hadi kumi. Sifuri ni hakuna shida, kumi ni shida isiyovumilika. Kuna maswali mengine kuhusu kazi za kila siku. Kisha kuna tepu kama ya fundi cherehani, ya kupima mgongo unavyonyooka na kukunjika. Mtu anaweza kufundishwa yote hayo asubuhi moja, na wengi wamefundishwa hivyo, kwenye hoteli, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Shida huanza mgonjwa anapoingia.

Mgonjwa wangu wa kwanza kwa maswali hayo alikuwa mama wa mtaa wa Obunga anayekaanga mgongo wazi, yale mabaki ya samaki aina ya mbuta baada ya viwanda kuchukua nyama yote. Aliingia amejishika kiuno, akakaa kwa awamu, kwanza upande mmoja halafu wa pili. Nikamuuliza swali la kwanza, akanipa kumi. La pili, kumi. Mpaka la mwisho, kumi, na kila kumi akiitoa kwa tabasamu. Tulipomaliza akaniuliza, "Sasa nimepita?"

Nani angemlaumu? Tangu darasa la kwanza amefundishwa kwamba kumi juu ya kumi ni kwenda nyumbani unaimba. Hao waliotunga maswali hawakuwahi kuzabwa kofi kwa sababu ya mbili juu ya kumi. Nikaanza upya, nikamwambia hapa anayepata alama nyingi ndiye anayeumia zaidi. Akafikiri, akasema, "Haya, ya mgongo weka nane. Mgongo yangu siku hizi ni kama hiyo nauza, imebaki mfupa tu." Hapo tukaanza kazi.

Kinyume chake ni waliookoka. Hao wana sifuri. Kuna dada mmoja aliingia akivuta mguu, akaniambia mgongo ni sifuri, shingo ni sifuri, na uchovu ni sifuri kwa jina la Yesu. Usibishane na imani ya mtu kazini. Nilimuuliza tu, "Na kabla ya kukiri?" Akainamisha macho. "Kabla ya kukiri ni saba, dada. Lakini usiandike, utamvunja pasta moyo." Niliandika, na mpaka leo sijasikia kwamba pasta alivunjika.

Halafu kuna tabia yetu sote. Hapa kwetu mtu akiulizwa habari husema nzuri hata kama anaulizwa akiwa juu ya machela. Ukianza na "Habari ya mgongo?" umeshaharibu kipimo, maana atakujibu kwa adabu, na adabu haina alama. Usiulize habari. Uliza kazi. Mimi niliwauliza akina mama, "Ukiamka, unawasha jiko kabla mgongo haujalegea au baada?" Mwingine atakwambia amewasha jiko, amechemsha chai, watoto wameenda shule, na yeye bado anatembea ameshika ukuta. Basi hapo una ukavu wa asubuhi na muda wake, na hakuna aliyelazimika kukumbuka saa.

Maswali ya kazi za kila siku nayo yalitoka mahali pa baridi. Unaweza kuvaa soksi bila msaada? Soksi, katika joto hili la ziwa. Nusu ya wagonjwa wangu walijibu kwamba hawana shida yoyote na soksi, na walisema kweli, kwa sababu hawana soksi. Unaweza kupanda ngazi bila kushika ukingo? Mtu wa Nyalenda, nyumba za chini zimebanana, ngazi ataiona wapi? Mwanafunzi wangu mmoja mwenye bidii alimpandisha mzee juu ya kistuli cha kupandia kitanda na kumshusha, tena na tena, mpaka mzee akauliza kama anatafutwa kwa kosa fulani. Mimi soksi nilizigeuza kuwa kuosha miguu, na ngazi nikaulizia mteremko wa kwenda mtoni. Wakubwa walinionya kwamba nachezea kipimo cha kimataifa. Niliwajibu kwamba wagonjwa wangu ni wa hapa.

Na hili la kuangalia nyuma bila kugeuza mwili, msiliulize kabisa. Mwache mtu atangulie kwenye korido, kisha umwite jina. Mwenye shingo atageuza shingo. Asiye na shingo atageuka mzima kama kabati linalohamishwa. Ila msimjaribu mwendesha boda hivyo, maana hao hawaangalii nyuma hata wakiwa wazima kabisa.

Mtu mwingine wa kuogopa ni benchi. Ugonjwa huu hulegea mtu akitembea na hukaza akikaa. Anayekuja kwa miguu kutoka Obunga akaingia moja kwa moja anainama vizuri, unampa alama za afya. Yule yule ukimkalisha kwenye benchi la mbao mpaka saa sita, anaingia kama mzee wa miaka tisini. Kuna wakati daktari wetu mmoja alisifiwa kwamba wagonjwa wake wana hali nzuri kuliko wa mwenzake. Alikuwa tu anafika kazini mapema. Mwenzake, aliyekuwa akifika baada ya kunywa chai mbili, aliandikiwa barua ya kutaka maelezo kuhusu matibabu yake.

Tepu nayo ina vituko vyake. Tulikuwa na moja ya kitambaa, tukaitumia mpaka ikavutika kwa jasho na kufuliwa. Kati ya vipimo vyetu kuna umbali kutoka kichwani hadi ukutani: mgonjwa anasimama ameegemea ukuta, na kadiri anavyopinda ndivyo kichwa kinavyokaa mbali. Tepu iliyovutika husoma kidogo kuliko ukweli. Kwa hiyo wagonjwa wetu wote wakaanza kupata nafuu, kila mwezi, sentimita kwa sentimita. Bingwa mmoja alitengeneza picha za kuonyesha ukutani, akaenda nazo hotelini, akapigiwa makofi kwa ajili ya mazoezi mapya aliyoyabuni. Nilipoleta tepu mpya ya chuma, mgonjwa mmoja alilalamika kwamba ile ya zamani ilikuwa inamsaidia.

Sasa nataka niwaambie habari za Odhiambo. Hizo nyingine zote mnaweza kuzisahau.

Odhiambo alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, ana miaka thelathini na kitu, ana watoto watatu, anaishi Nyalenda. Mgongo ulikuwa umeanza kumwinamisha na shingo ilikuwa inaganda. Fundi wa geti asiyeweza kuinua kichwa anaona bawaba ya chini tu. Vidonge alikuwa amemeza vyote tulivyonavyo. Kilichobaki ni ile sindano ya bei kali, ambayo hospitali yetu ilikuwa imepewa kwa mgao mdogo, na mgao huo uligawanywa na kamati. Kamati ilitaka vitu viwili: vipimo vya mgongo vilivyochukuliwa na mtu mwenye cheti cha mafunzo hayo, na alama ya ugonjwa, yaani wastani wa majibu ya maswali, kuanzia nne kwenda juu. Ilikuwa ikae Ijumaa. Sindano ambayo ingekosa mtu ingepelekwa mji mwingine, na hakuna aliyejua mgao mwingine ungekuja lini.

Daktari alikuwa ameshamuuliza Odhiambo maswali kwa haraka. Odhiambo akasema yuko sawa tu, anashukuru Mungu. Alama zikatoka mbili. Daktari, ambaye alikuwa ameiona picha ya ule mgongo, alijua hiyo mbili haiwezekani, akamtuma kwangu nimpime upya. Wenye cheti tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Nakuru kwenye semina ya jinsi ya kupima wagonjwa.

Basi ikawa Jumatano, Odhiambo yuko chumbani kwangu, shati amevua, amesimama amenigeuzia mgongo. Nikawa natafuta mahali pa kuweka alama ya kalamu. Mimi mkono ukiwa kazini mdomo nao huwa kazini, ili mgonjwa asikakamae. Nikamuuliza ameoa wapi.

"Nimeoa Gem, Mama. Lakini mama ya bibi yangu ametoka Seme, pande za Kombewa. Kwa mzee Ojwang', ule alikuwa fundi ya baiskeli."

Mkono wangu ulisimama. "Ojwang' ni ndugu ya baba yangu," nikasema. "Mama ya bibi yako ni Rusalia?"

"Ndio huyo."

"Rusalia ni dada yangu. Tumelelewa boma moja."

Kwetu watoto wa ndugu wawili ni ndugu, na dada ya mama mkwe ni mama mkwe. Maro, kwa lugha yetu. Na mbele ya maro mwanamume havui shati, hainami, hasemi habari za mwili wake, na ikiwezekana hapiti njia moja naye. Sijawahi kuona mtu mwenye mgongo ulioganda akivaa shati kwa kasi ile. Alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, uso ameuficha kwa kofia.

"Nisamehe, maro. Mimi sikujua."

"Odhiambo, hapa mimi ni mfanyakazi wa hospitali."

"Ndio, maro," akasema, na akatoka.

Mwanafunzi aliyekuwa nami chumbani, msichana wa Nairobi, aliniuliza kama tuandike kwamba mgonjwa amekataa kipimo. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha hilo, na kukiweka alama kungechukua sekunde. Nilimwambia aondoe kalamu yake hapo. Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani. Mila ni yangu pia, mimi mwenyewe sijawahi kula mbele ya mkwe. Lakini nilikuwa nimeiona ile shingo, na nilijua akikosa Ijumaa hiyo atamaliza maisha yake akiangalia viatu vyake.

Nilimpigia simu mke wake, Atieno, nikajitambulisha. Alilia kidogo kwa furaha ya kumpata mama mdogo mjini, kisha nikamwambia aje kesho na mume wake, amshike mkono kama itabidi.

Alhamisi nikaburuta pazia la kijani, lile la magurudumu matatu, nikaliweka katikati ya chumba. Upande mmoja Odhiambo na Atieno. Upande wa pili mimi, nimeelekea ukutani kwa heshima, na msichana wa Nairobi ameshika fomu, macho yamemtoka. Nilimpa Atieno kalamu na tepu ya chuma juu ya pazia.

"Sasa Atieno, kuna vishimo viwili kwa mgongo, chini, juu ya..."

Nikakwama. Juu ya nini? Miaka yote hiyo nimetamka neno hilo mbele ya maaskofu. Mbele ya mkwe halikutoka.

"Juu ya wapi, Mama?"

"Pale mkanda wa suruali unapita."

"Mkanda yake inapita juu ama chini? Siku hizi amekonda."

"Pale unajua, Atieno."

Kisha nikamsikia Odhiambo akisema taratibu, "Ni hapo. Weka tu hapo."

Nikamwelekeza apige mstari hapo, apime sentimita kumi kwenda juu, apige mwingine. Mgongo wenye afya ukiinama, ngozi huvutika na umbali kati ya mistari huongezeka wazi kabisa. Nikamwambia mkwe ainame afike atakapofika.

"Imeongezeka ngapi?"

"Haijaongezeka, Mama."

"Mwambie ainame kabisa."

"Ameinama. Hapa ndio mwisho."

Msichana wa Nairobi alitazama fomu kama ndiyo kwanza anaona kwamba ndani yake kuna mtu. Tukapima na vile vingine, ukutani na kifuani, Atieno akisoma namba kwa sauti ya mtu anayesoma neno kanisani. Vyote vilikuwa vibaya. Lakini kamati ilitaka pia alama za maswali, na hizo hazina tepu.

Nikauliza kutoka upande wangu, "Kwa wiki hii iliyopita, maumivu ya mgongo ni ngapi kwa kumi?"

"Mbili, maro."

"Mbili?" Huyo alikuwa Atieno. "Baba Brayo, umesema mbili?"

"Nyamaza, mama yako anasikia."

"Asikie. Wach adiera. Sema ukweli. Nani anakuvalisha long'i asubuhi, mguu moja moja? Nani anaamka na giza kukuvalisha ndio watoto wasione? Usiku nakugeuza kama mtoto. Halafu unakuja hapa unasema mbili?"

Msichana mwema hasemi habari za kitandani mbele ya mama yake, na Atieno alilelewa vizuri. Nilijua amelipia nini kuyasema yale. Kwenye korido benchi lote lilikuwa linasikiliza, kwa maana kuta zetu ni za mbao nyembamba. Nilibaki naangalia ukuta, na machozi yalikuwa yananitoka, na nilishukuru kwamba pazia lipo.

"Andika kumi, Mama," Odhiambo akasema.

Aliniita Mama, si maro.

"Kumi ya swali gani?"

"Yote. Andika yote kumi."

Hapa ndipo mnipe masikio. Mtu akikupa kumi zote, bado hajakujibu. Amechoka tu kuficha. Msiziandike kwa huruma, huruma nayo hukosea. Nilimwambia tunaanza upya, swali moja moja, na nikangoja. Uchovu akasema nane. Mgongo, tisa. Nilipofika kwenye viungo vingine, magoti na vifundo vya miguu, alifikiri, akasema, "Hizo ni nne, Mama. Magoti bado iko sawa sawa." Aliposema nne nikajua sasa tunapima. Msema uongo namba zake hufanana. Ukavu wa asubuhi akasema tisa, na Atieno akaongeza kwamba unafika mpaka jirani arudi kutoka sokoni.

Alama zilipita ile nne kwa mbali. Ijumaa nikaitwa kwenye kamati kujieleza, kwa sababu niliandika wazi kwamba tepu ilishikwa na mke wa mgonjwa. Mjumbe mmoja aliuliza Atieno ana cheti gani. Mwingine alitaka kujua kama kuna mwongozo wa kupima nyuma ya pazia, na kama hakuna, nani atauandika. Mwenyekiti, mzee wa Alego aliyeozesha mabinti na kuoa kwa watu, alikuwa anasoma ile fomu. Mwishowe akauliza swali moja tu: pazia lilikuwa linafika chini? Nikasema linafika. Akatia sahihi.

Sindano huchukua muda. Msiahidi watu miujiza ya wiki moja. Odhiambo alianza, akawa anakuja kliniki siku za mwenzangu, na mimi siku hizo nilikuwa najitafutia kazi kwenye stoo, ili tusikutane. Nilichukua habari zake kwa kusoma faili. Namba zilikuwa zinashuka, lakini namba nilikuwa nimeshazoea kuzitilia shaka.

Asubuhi moja simu ililia kabla sijanywa chai. Alikuwa Atieno, na alikuwa analia kiasi kwamba nilikaa chini nikingoja kuambiwa msiba.

"Mama, nimeamka nikapapasa kitanda, hayuko. Pahali yake imekuwa baridi. Nikapiga nduru. Nilijua amekufa ama ametoroka, maana huyo mtu hawezi toka kwa kitanda bila mimi. Nimekimbia nje na leso. Mama, yuko kwa bomba. Amepanga laini na wamama, na mtungi. Amevaa long'i mwenyewe, ameivaa mbele nyuma, wamama wanamcheka, na yeye ameinama anachota maji."

Kazi ya miaka yote ile ikanipanda mdomoni yenyewe. Nikamuuliza ameinama kiasi gani, mikono imefika wapi, na maumivu amesema ni ngapi.

"Mama," akasema, "wacha kwanza nilie."

Nikamwacha alie.